Rye, mji ulioachwa na bahari

Jumamosi nimefika Rye, mji mdogo wa East Sussex, kusini mwa Uingereza. Nilipanda treni London, nikabadilisha Ashford, kisha malisho ya kondoo dirishani hadi stesheni. Mtaa wa Mermaid umetandikwa mawe ya mviringo na una mteremko mkali. Ukienda, vaa viatu visivyoteleza. Nyumba zake za mbao zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana.

Ila kilichonigusa hasa ni kanisa la St Mary, pale juu kilimani. Mwaka 1377 Wafaransa walivuka bahari, wakauchoma mji na kuondoka na kengele za kanisa. Mwaka uliofuata watu wa Rye na jirani zao wa Winchelsea wakawafuata hadi Normandy, wakazirudisha! Hebu fikiria furaha ya siku ile.

Nikapanda ngazi nyembamba za mnara. Zamani maji yalikizunguka kilima hiki karibu pande zote. Tope na kokoto vikajaza bandari, bahari ikarudi nyuma kilomita tatu hivi. Nilisimama pale muda mrefu, upepo usoni, nikiitafuta kwa macho.