Mdahalo wa Gizani

Mwaka 1979 nilikuwa Fomu Tatu katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na cheo changu pekee kilikuwa ukatibu wa chama cha mdahalo. Cheo hicho hakikuwa na posho. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele na kaunta buku, kuandika hoja za kila msemaji na, siku za mdahalo wa Kiingereza, kuandika pia jina la kila aliyeteleza akasema Kiswahili. Aliyeandikwa alifagia bwalo siku ya Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi mchana nilikuwa na marafiki wengi sana. Ikifika usiku walikuwa wamepungua.

Vita ilikuwa na miezi mitano. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yetu yote ya kaskazini ya mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akahutubia wazee wa Dar es Salaam, na sisi tukamsikiliza kwa redio ya mwalimu wa zamu, imewekwa dirishani mwa ofisi, shule nzima tumesimama uwanjani. Uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Haikupita wiki, bwaloni watu wakawa wanahutubia sahani: uwezo wa kula tunao, sababu tunayo, nia tunayo, tatizo ni maharage. Mwalimu wa siasa alipozisikia hotuba hizo alikunja uso, kisha akageuka upande ili tusimwone anacheka.

Mambo mengi yalibadilika kimyakimya. Sabuni iliadimika hata kwa wenye jamaa wafanyao kazi RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, tukawa tunafulia sketi kwa majani ya mpapai. Mchakamchaka ulirefushwa, nyimbo zake zote zikawa za kumtupa Nduli Amin kwa mamba wa Kagera. Lori la shule lilichukuliwa jeshini pamoja na dereva wake, kama malori mengi ya mji ule, kwa hiyo kuni, unga na wagonjwa vyote vilikwenda kwa miguu au kwa mkokoteni. Nyuma ya bweni tulichimba mahandaki. Masika yalipoanza yakajaa maji na vyura, na tuliambiwa firimbi ikilia turuke ndani hivyohivyo. Fomu Wani mmoja aliuliza kama bomu linaua kuliko nyoka. Hakujibiwa.

Kubwa lilikuwa giza. Amri ilikuwa kwamba jua likizama taa isionekane mji mzima. Magari yalipakwa rangi nyeusi kwenye taa za mbele, ikaachwa nafasi ndogo kama jicho la paka. Prepo ya usiku ikafutwa, tukawa tunaamshwa alfajiri kusoma. Kwa wanafunzi wa bweni hiyo ilikuwa adhabu na zawadi kwa pamoja. Kusoma kulikuwa kugumu, lakini hadithi zilizosimuliwa kwenye bweni lile gizani sijapata kuzisikia tena popote. Ni gizani hapo tulipomlilia Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari kwa ajali ya gari kule Mombasa. Vita ilikuwa imeua watu tusiowajua, lakini sauti ya Mbaraka tulikuwa tunaijua. Kuna waliolia kwa ajili yake mpaka matroni akaja kuuliza nani amepata barua ya msiba.

Mwenzangu wa kitanda cha deka, aliyelala juu yangu, hakulia. Kwao kulikuwa ng'ambo ya Kagera, upande uleule uliokaliwa. Miezi yote hiyo alikuwa amepokea barua moja: mama na wadogo zake walivuka mto wakapata hifadhi kwa ndugu upande wa Muleba, baba alibaki nyuma kutafuta ng'ombe. Basi. Jeshi letu lilikwisha kuirudisha ardhi ile zamani na lilikuwa limeshapita Masaka, lakini habari ya baba haikuja. Yeye alikuwa msichana wa maneno machache tangu kabla ya vita, hata darasani akiulizwa swali alijibu akiangalia dawati. Kwenye mchakamchaka wimbo ukifika kwa mamba, alikimbia mdomo umefungwa. Nilimuuliza siku moja. Akasema, "Mto ule tunachota maji ya kunywa, dada."

Mwisho wa Machi ndipo tulipoalikana na shule moja ya wavulana kwa mdahalo. Mialiko ya namna hiyo ilikuwa tukio la muhula mzima. Wasichana walikopeshana mafuta ya nywele, soksi nyeupe zikaanza kufichwa kwenye masanduku ziwe safi siku hiyo. Wiki ileile ndege ya Libya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ikaja kupiga Mwanza. Ililenga matangi ya mafuta, ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane na kuua swala. Sisi tulisikia mshindo tu, kama ule wa kupasua mawe kwenye machimbo ya kokoto, halafu firimbi, halafu vyura. Habari ya swala ilipofika shuleni watu walicheka kwa woga: Nduli ameshindwa na watu, sasa anapigana na swala. Lakini kila mmoja wetu alijua Saanane iko karibu kiasi gani na soko la mjini.

Tulidhani mdahalo umekufa. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali ambaye tulimwogopa kuliko Tupolev, ile ndege ya mabomu, akasema paredi ya Ijumaa kwamba wavulana watakuja kama ilivyopangwa, ila wataanza saa tisa na kuondoka kabla ya jua kuzama.

Saa tisa hawakuonekana. Saa kumi hawakuonekana. Nao lori lao lilikuwa limechukuliwa, kwa hiyo walitembea, na njiani mgambo waliwasimamisha na kuwahoji kila kwenye kizuizi, maana kundi la vijana wa kiume linalotembea kwa mstari wakati wa vita ni lazima lijieleze. Walifika jua linagusa mawe, vumbi mpaka kwenye nyusi, viatu mikononi ili visichakae. Kuwarudisha usiku haikuwezekana. Mkuu wa shule alisimama mlangoni mwa bwalo akawaangalia kwa muda, akasema, "Haya, kuleni. Kisha mjadiliane. Kisha mtalala humuhumu juu ya meza, na mimi nitakaa kwenye mlango huu mpaka asubuhi."

Ndivyo tulivyofanya mdahalo bila taa hata moja. Hoja ilikuwa kwamba bunduki inajenga taifa kuliko jembe. Shilingi ilirushwa kukiwa bado na mwanga kidogo, ikaangukia kichwa cha Mwalimu, wavulana wakachagua bunduki. Nani asingechagua bunduki mwaka ule? Kupinga kulikuwa kama kumuunga mkono Nduli. Wasemaji wetu wakuu wawili walikuwa wazuri, lakini usiku huo walisema kwa tahadhari, kila sentensi ikianza kwa kuwasifu wanajeshi wetu, na hoja ya jembe ikawa inachechemea nyuma. Msemaji wa kwanza wa wavulana alikuwa na sauti nzito. Alipofika kwenye uwezo, sababu na nia, bwalo lote lilipiga meza, wageni na wenyeji pamoja, na mwenyekiti aligonga kengele bure.

Mimi nilikuwa naandika kwa kupapasa. Niliweka kidole gumba cha kushoto kwenye mstari ili kalamu isipotee. Msemaji wa pili wa wavulana aliteleza akasema Kiswahili, nikanyanyua kalamu kwa mazoea, kisha nikagundua kwamba simwoni na jina lake silijui. Aliyemfuata akateleza kwa makusudi. Baada ya dakika kumi Kiingereza kilikuwa kimekwisha bwaloni, na mwalimu wa lugha aliyekaa upande wa dirisha akakohoa mara mbili, akanyamaza. Nadhani hata yeye alikuwa anataka kusikia watu wanasema nini hasa.

Mwenyekiti akafungua uwanja kwa wachangiaji. Mchana uwanja ukifunguliwa, watu hutazamana. Gizani walisimama wengi. Waliopigwa na aibu maisha yao yote walisema. Kuna aliyesema wavulana wote wanaosifu bunduki waulizwe kwa nini hawajaenda Kyaka. Kukawa na kelele. Kuna mvulana aliyejibu kwamba aliomba kwenda, akaambiwa arudi akamalize Fomu Foo. Ikajibiwa kwamba angalau amejibiwa.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, ya chini, ambayo sikuitambua mara moja kwa sababu sikuwahi kuisikia ikisema sentensi zaidi ya moja mfululizo.

"Mheshimiwa mwenyekiti," ilisema, "mimi naunga mkono jembe. Bunduki imeturudishia shamba, namshukuru mwenye bunduki. Lakini mama anaandika kwamba walichukua ng'ombe, wakang'oa mabati, wakang'oa na milango. Wengine walichukua masufuria. Ule mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wa senene. Kwetu senene wakishuka, mji mzima hautoki mashambani. Mwaka huu walishuka, hapakuwa na mtu. Mgomba usipopunguziwa watoto unajisonga wenyewe, hauzai. Sasa bunduki ikimaliza kazi yake itaondoka. Nani atapunguzia migomba? Mama yangu, kama atapata jembe, maana na majembe walichukua."

Akakaa. Hakuna aliyepiga meza. Nilikuwa nimesahau kuandika, nikaanza kuandika haraka niwahi kabla sijasahau. Mvulana wa sauti nzito, ambaye kwa kanuni alikuwa na haki ya kujibu, alisema, "Mheshimiwa mwenyekiti, sina la kuongeza," na hilo kwa mwanamdahalo ni kama kuvua viatu.

Kisha likaja tatizo la kura. Mikono haikuonekana. Mwenyekiti alipendekeza wanaounga mkono hoja waseme ndiyo, wanaopinga waseme siyo. Ndiyo ilikuwa nene, siyo ilikuwa nyembamba na ndefu, na pande zote mbili zilianza kushangilia kwa pamoja. Mtu akashauri wa bunduki wasogee ukuta wa jikoni na wa jembe ukuta wa stoo. Bwalo zima likaanza kutembea gizani, meza zikagongwa magoti, na kwa namna fulani idadi kubwa ya wavulana wakajikuta ukuta wa stoo, kwa wasichana, wakidai ni imani yao. Mkuu wa shule aliiona hatari hiyo bila kuhitaji taa. "Mdahalo umekwisha," alisema. "Wasichana, bwenini. Mstari mmoja. Nasikia viatu vyenu, nitahesabu."

Usiku ule bwenini watu hawakulala mpaka usiku wa manane. Sehemu kubwa ya mazungumzo ilikuwa nani alikuwa na sauti nzito na ana sura gani, maana tulimwona vumbi tu. Mwenzangu wa deka alikuwa kimya kule juu kama siku zote. Wenzetu watatu wanne walikuja kumpa mkono, wakipapasa mpaka wanaupata. Mmoja alimletea kipande cha sabuni ya kuogea alichokuwa amekificha tangu Krismasi. Aliyezoea kuongoza nyimbo za mchakamchaka, nakumbuka, hakuja kusema lolote, ila Jumatatu alfajiri wimbo ulipofika kwa mamba akauruka akaenda ubeti mwingine, na tukaufuata.

Asubuhi ya Jumapili tuliwakuta wavulana wamelala juu ya meza kama magunia, na mkuu wa shule bado yuko kwenye kiti chake mlangoni, khanga mabegani, anasahihisha madaftari ya jiografia. Waliondoka baada ya uji. Sauti nzito ilikuwa ya kijana mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Wasichana kadhaa waliumia moyo.

Nilipofungua kaunta buku mchana nikaona kazi yangu ya usiku. Hoja za wasemaji wakuu nilikuwa nimeziandika moja juu ya nyingine, mistari imepandana, hakuna mtu awezaye kuzisoma. Maneno ya mwenzangu niliyoyaandika kwa haraka yalikuwa yameteremka kwa mshazari hadi pembe ya ukurasa, lakini yalisomeka yote. Mwalimu wa lugha alipokagua muhtasari alinitaka niandike upya kwa Kiingereza. Nilimwandikia. Ule wa kwanza sikuutoa kwenye daftari.

Aprili 11 Kampala ilianguka. Tulisikia redioni, kengele ikapigwa kama ya moto, tukacheza uwanjani hadi sauti zikakauka, na jioni ile jikoni waliua ng'ombe wa shule ambaye kwa mujibu wa ratiba ya sayansikimu alikuwa na muhula mmoja zaidi wa kuishi. Barua ya pili ya mwenzangu ilifika Mei. Baba yupo, alijificha upande wa Minziro, amerudi na ndama mmoja. Alinisomea sehemu hiyo ya ndama mara mbili, akakunja barua, akauliza kama nina bahasha.

Mdahalo wa marudiano ulifanyika kwa wavulana muhula uliofuata, taa zote zikiwaka. Hoja ilihusu mji na kijiji, kwa Kiingereza. Mwenzangu hakusema neno, katibu wao aliandika majina ya wenzetu karibu ukurasa mzima, na tulishindwa vibaya. Kijana wa miwani alikuja kuniuliza yule msemaji wa migomba yuko wapi. Nikamwonyesha. Akamtazama, akasema alidhani ni mrefu zaidi.