Mikono ilipanda, ikashuka

Leo kazini tumeletewa mtaalamu wa mafao ya kustaafu.

Akaanza na swali jepesi: nani ana uhakika ataishi vizuri akistaafu? Mikono karibu ukumbi mzima.

La pili: nani amewahi kukaa akapiga hesabu atahitaji kiasi gani?

Jamani.

Mzee mmoja wa idara yetu, ambaye barua yake ya kustaafu imeshaandikwa, mkono wake ulikwama njiani. Akajifanya anajikuna kichwa. Wenzangu wakacheka, mimi nilishindwa.

Kisha tukaoneshwa hesabu: bei zikipanda asilimia 6 kila mwaka, baada ya miaka 12 hivi pesa ileile inanunua nusu tu. Akiba nayo ikizaa asilimia 6, muda huohuo inakuwa maradufu. Yaani unakimbia ili ubaki ulipo! Na sisi tukikatwa mchango kwenye mshahara tunaona yameisha.

Binafsi njaa siiogopi sana. Naogopa matibabu, maana bima ya mwajiri kwa wengi hukoma siku kazi inapokoma.

Nyie mmeshapiga hiyo hesabu? Au mnategemea kiinua mgongo na watoto? Semeni ukweli, hatuchekani hapa.