Windows itapitwa na nani? Maoni kutoka steshenari ya Mwanjelwa

Wiki chache baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, mwalimu mmoja mstaafu aliingia dukani kwangu Mwanjelwa, hapa Mbeya, akiwa amebeba kompyuta mpakato yake ndani ya mfuko wa kitenge. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka juu ya kaunta na kuifungua. "Mwanangu," aliniambia, "hii imeniandikia kwamba muda wake umekwisha. Mbona bado inawaka?"

Nilimweleza kwamba mashine yake haikuwa na ubaya wowote. Kilichokwisha ni ahadi ya Microsoft ya kuendelea kuziba matundu ya usalama katika Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoiongoza kompyuta) uliotoka Julai 2015, na ingawa kampuni imetoa njia ya kuongeza mwaka mmoja kwa wanaojisajili, mwaka huo nao utafika mwisho. Anayetaka kubaki na Windows anatakiwa kuhamia Windows 11, ambayo haikubali kila kompyuta: inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nyingi za Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017. Ya mwalimu ilikuwa ya kizazi cha nne. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama nilikuwa namwambia anunue nyingine kwa pensheni yake.

Swali lake ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu ndani yake limo swali kubwa ambalo nimelisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi: je, upo mfumo unaoweza kuipita Windows kwenye kompyuta za mezani na za mpakato? Ninaendesha steshenari yenye kompyuta nne. Tatu kati ya hizo zinatumia Linux Mint, aina mojawapo ya mfumo endeshi wa bure uitwao Linux, tangu mwaka 2021, na moja ina Windows kwa sababu nitakazozieleza. Jibu langu ni kwamba Windows inaweza kupitwa, hata hapa kwetu, lakini si kwa sababu zinazotajwa mara nyingi na wapenzi wa Linux, na si bila ridhaa ya mtu ambaye hatajwi kabisa katika mijadala hiyo. Mtu huyo ni fundi.

Windows haikufika ilipo kwa kupendwa tu. Mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi, Microsoft iliipatia mfumo wa MS-DOS lakini ikabaki na haki ya kuwauzia watengenezaji wengine, na watengenezaji wengine walipoanza kuiga kompyuta ya IBM, wote walihitaji mfumo huohuo. Kisha ikaja mikataba ambayo mtengenezaji aliilipa Microsoft kwa kila kompyuta aliyouza, hata kama ndani yake hamkuwa na mfumo wa Microsoft, utaratibu ambao serikali ya Marekani iliuzuia kwa makubaliano ya mwaka 1994. Windows 95 ilipofika Agosti mwaka uliofuata, uwanja ulikuwa umekwisha kulimwa. Mnunuzi hakuwa anachagua mfumo. Alikuwa ananunua kompyuta, na mfumo ulikuwa ndani yake tayari.

Wapenzi wa Linux huanza na hoja ya bei. Husema kwamba Linux, ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, ni ya bure, na kwamba nchi maskini zingeokoa fedha nyingi kwa kuitumia. Mimi mwenyewe niliihubiri hoja hiyo kwa miaka kadhaa, na leo nakiri kwamba katika mji wa Mbeya haina nguvu, kwa sababu mtu wa kawaida hapa hajawahi kuilipia Windows. Anapeleka mashine ya mtumba kwa fundi wa Kabwe, fundi anampigia Windows kutoka kwenye flashi yake, na shilingi 10,000 anayoitoa ni ya kazi ya mikono. Nakala yenyewe haina leseni, na kifungulio chake kimepakuliwa mahali ambapo hakuna anayejua kimechanganywa na nini. Huwezi kumvutia mtu kwa kitu cha bure wakati alichonacho nacho amekipata bure, hata kama kimoja ni halali na kingine si halali. Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulifika hatua ya kumtumia yeyote aliyeomba diski kwa posta pasipo malipo, na bado mafundi wetu waliendelea na Windows.

Hoja ambayo nimeiona ikifanya kazi ni ya flashi. Mwezi Juni uliopita, asubuhi ya ule ubaridi wetu unaofanya vidole vikatae kuandika, alikuja mama mmoja mhazini wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, akiwa karibu kulia. Hesabu za kikundi za miezi minane zilikuwa kwenye flashi, na kila alikoichomeka aliona vialama vidogo vyenye mshale ambavyo vikibofywa havifungui kitu. Mtu mmoja alikuwa amekwisha kumshauri aifomati. Nilimwomba akae, nikaichomeka kwenye moja ya kompyuta za Linux, na pale pale yakaonekana mambo matatu: vile vialama vya mshale, faili la kirusi lenye jina lisilosomeka, na folda moja isiyo na jina kabisa. Ndani ya ile folda hesabu zote zilikuwemo, mwezi kwa mwezi. Kirusi cha aina hiyo huhamisha mafaili ya mtu na kuyawekea alama ya kufichwa ambayo Windows huiheshimu. Linux haiijali alama hiyo, na kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo hakikuwa na la kufanya kwenye mashine yangu. Nilinakili mafaili, nikaisafisha flashi, nikamrudishia. "Ndaga fijo, mwanangu," alisema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akashika flashi kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo wanakikundi wenzake huja kwangu kuchapisha, wakiuliza ile "kompyuta isiyoambukizwa". Sitaki kudanganya kwamba Linux haiwezi kushambuliwa kabisa, kwa sababu inaweza, lakini kwa maisha ya steshenari, ambako flashi za watu mia hupita kwa wiki, tofauti hiyo ni ya mchana na usiku.

Basi kwa nini ile moja imebaki na Windows? Kwanza ni kadi. Sehemu nzuri ya mapato yangu inatoka kwenye kadi za michango ya harusi na ratiba za misiba, na mji mzima huzitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kurasa. LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi za bure ninaoutumia kwenye Linux, ina programu ya kuchora inayoweza kuyafungua mafaili hayo, lakini herufi za mapambo huhama na picha ya maharusi hukaa juu ya jina la baba mzazi. (Microsoft imetangaza kwamba Publisher yenyewe itaacha kuhudumiwa Oktoba 2026, na sijakutana na mwenye steshenari hata mmoja hapa anayejiandaa kwa hilo.) Pili ni ripoti za wanafunzi. Mwaka wangu wa kwanza na Linux, kijana mmoja wa chuo aliniletea ripoti yake ya mwisho saa kumi jioni, ya kukabidhiwa asubuhi iliyofuata. Ilikuwa imeandikwa kwa Word. Niliifungua kwenye mashine yangu, nikachapisha nakala tatu, nikazifunga kwa gundi bila kuzikagua. Jedwali la yaliyomo lilikuwa limesogea, sura ya nne ilianzia katikati ya ukurasa, na majedwali mawili yalikatika. Alirudi usiku akiwa na msimamizi wake kwenye simu. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu, na ninaamini nilistahili.

Nasimulia kisa hicho kwa sababu ndicho kinachotokea kwa ukubwa zaidi kila serikali inapojaribu kuhama. Baraza la jiji la München nchini Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuiacha Windows, ingawa Steve Ballmer, aliyekuwa akiiongoza Microsoft, alikwenda mwenyewe kuonana na meya. Hadi mwaka 2013 kompyuta kama 15,000 zilikuwa zimehamia Linux. Mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Polisi wa jandameri wa Ufaransa walifanya kwa mpangilio mwingine: walianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu tu, wakawapa watumishi OpenOffice wakiwa bado ndani ya Windows, kisha kivinjari cha Firefox, na ilipofika 2008 walipoanza kuweka Ubuntu, mtumishi aliyekaa mbele ya mashine mpya alikuta programu zilezile alizozizoea. Wao hawakurudi nyuma. Ningekuwa nimejua habari hiyo mapema, nisingemwaibisha yule kijana. Siku hizi mteja anayetaka kuhama namwekea kwanza LibreOffice na Firefox ndani ya Windows yake, namwacha nazo miezi miwili au mitatu, na ninapombadilishia mfumo wenyewe hulalamikia rangi tu.

Kuhusu Mac sina mengi. Ni mashine nzuri, na tangu Apple ilipoanza kutumia chipu zake yenyewe mwaka 2020 zimekuwa nzuri zaidi, lakini Apple haiuzi mfumo wake kwa mtu mwenye kompyuta ya kampuni nyingine, na kwa bei zake haiwezi kuwa mfumo wa wengi, si hapa wala katika nchi nyingi duniani. ChromeOS ya Google inastahili kutazamwa zaidi kidogo, hasa kwa kuwa mwaka 2025 Google ilieleza nia ya kuiunganisha na Android, ila kompyuta inayoegemea intaneti kiasi hicho bado ni mzigo kwa anayenunua bando la siku.

Wapo wanaosema kwamba lugha ndiyo itakayoamua. Nililitamani sana liwe kweli. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ilikuja kutoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Sijawahi kumwona mteja anayetumia mojawapo. Kozi fupi za kompyuta zinafundisha menyu kwa Kiingereza, kwa mahali kitufe kilipo na si kwa maana yake, na aliyefundishwa hivyo hupotea ukimwonyesha neno la lugha yake mwenyewe. Jambo hilo linaniuma kuliko mengine yote katika andiko hili.

Kilichobadilika kweli ni kazi yenyewe. Kwa takwimu za StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya tovuti, Machi 2017 Android iliipita Windows kwa matumizi ya intaneti duniani, simu na kompyuta zikihesabiwa pamoja, na bila kelele yoyote mfumo ulioshinda ulikuwa na kiini cha Linux ndani yake. Kwenye kompyuta peke yake Windows bado inashika kama saba katika kumi, na Linux ilivuka asilimia 4 kwa mara ya kwanza Februari 2024. Lakini angalia kinacholetwa dukani kwangu. Kijana anaandika barua ya kazi kwenye simu, anaigeuza PDF, ananitumia kwa WhatsApp, na PDF hutoka vilevile kwenye mashine yoyote. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, usajili wa biashara, yote yanajazwa ndani ya kivinjari, na kivinjari hakiulizi kimekalia mfumo gani. Zamani kila kazi ilikuwa na programu yake ya Windows. Leo, ukiondoa kadi, uhasibu na ripoti za chuo, sikumbuki mteja aliyeondoka bila huduma kwa sababu ya Linux.

Ndiyo maana naona mlango upo wazi, na naona pia anayeushikilia. Kompyuta nyingi zinazouzwa Mbeya ni za mtumba, na sehemu kubwa yake hazifikii masharti ya Windows 11. Fundi ana njia tatu: kubaki na Windows 10 isiyozibwa matundu, kulazimisha Windows 11 kwa mbinu za kuzunguka masharti, au kuweka Linux. Anachagua zile mbili za kwanza kwa sababu inayoeleweka, kwamba mteja akipata tatizo atarudi kwake, na yeye anataka tatizo analolijua.

Mashine ya mwalimu niliiwekea Linux Mint siku ileile, na anaitumia kusoma magazeti na kuandika kumbukumbu za ukoo wake. Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi jirani yangu wa Kabwe, tukazungumza jioni nzima. Alikuwa na mpakato kumi na moja za kizazi cha tano na cha sita ambazo hakupenda kuziuza zikiwa na Windows 10. Tulikubaliana kwamba ataziwekea Mint, atamwambia mnunuzi waziwazi kilichomo, na kwa mwezi wa kwanza mnunuzi akikwama atapiga simu kwangu. Ameuza saba. Wanne wamenipigia, watatu kwa habari ya printa na mmoja akitaka kujua mahali pa kubadilisha picha ya mbele. Mmoja wa wale watatu bado printa yake haijakubali, na Jumamosi nitapanda Uyole kuitazama.