Mkono Uliobaki Begani

Somo: Mathayo 1:1-17, 2 Samweli 11, 2 Samweli 23:24-39

Wapendwa, Bwana asifiwe sana.

Tangu baba alipotutoka nimekuwa na njaa ya nyuso. Picha za nyumbani kwetu ziliingiwa na maji miaka mingi nyuma, zikagandamana, nasi kwa kutojua tukazibandua kwa nguvu zilipokauka. Uso wa mtu ukabaki umenata mgongoni mwa picha nyingine. Kwa hiyo Jumamosi iliyopita niliamua kuwazungukia ndugu, nyumba tatu kwa siku moja, nikawaombe wanitolee walichonacho. Zamani familia ikipigwa picha pamoja, kila kaya ilichukua nakala yake. Hilo ndilo lililonipa tumaini: kilichoharibika kwetu huenda kimelala salama sandukuni kwa mwingine.

Kwa binamu yangu sikukaa sana. Picha alizonazo ni za juzijuzi, ila alikuwa na bahasha ya negativu ambazo alikusudia kuzitupa. Nilimsihi azitunze. Picha ikipotea, negativu yake bado yaweza kuizaa upya.

Kwa shangazi ndiko siku ilikokaa. Ana albamu moja nene, ya zile zenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu yake. Gundi ile ikizeeka huing'ang'ania picha na kuitia umanjano, na ukivuta kwa pupa unaichana. Safari hii sikurudia kosa la nyumbani. Niliifunua plastiki taratibu, nikapiga kwa simu ukurasa baada ya ukurasa, kando ya dirisha, bila kuwasha taa ya simu isije ikang'aa kwenye picha. Shangazi alikaa pembeni akinitajia majina, nami nikayaandika yote. Nilimwona baba akiwa na meno mawili tu. Nilimwona babu, ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, nikagundua kwamba kumbe namna ninavyosimama nimeirithi kwake.

Mwisho kabisa wa albamu kulikuwa na picha moja iliyochomekwa bila kubandikwa. Bibi ameketi, babu yuko kushoto kwake, watoto wamepangwa mbele. Upande wa kulia picha imekatwa kwa mkasi, kuanzia juu mpaka chini. Ila begani kwa bibi umebaki mkono. Vidole vinne vya mtu ambaye hayupo.

"Huyu ni nani, shangazi?"

"Huyo tumwache, mwanangu. Funga albamu."

Nikafunga.

Nyumba ya tatu ni kwa babu mdogo, ndugu wa babu yangu. Macho yake yamechoka lakini kumbukumbu haijachoka. Alinipa bahasha ngumu, na ndani yake nikaikuta picha ileile, nzima, nyeusi na nyeupe, haijafifia. (Picha za namna hiyo zimetengenezwa kwa chembe ndogo za madini ya fedha, ndiyo maana nyingi zimedumu kuliko zile za rangi zilizokuja baadaye.) Nyuma ya bibi amesimama kijana mrefu, mkono wake uko begani kwa mama yake, anacheka.

"Baba yako mkubwa huyo," alisema babu. "Kifungua mimba wa bibi yako. Aliondoka nyumbani kwa hasira, hakurudi tena, hata kufa kwake tulikusikia baadaye. Bibi yako kila akiishika picha ile alilia mpaka jioni. Shangazi yako alikuwa msichana mdogo. Siku moja akachukua mkasi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkono hakuweza kuutoa. Angeutoa angemkata mama yake bega."

Niliondoka pale na maneno hayo, na njiani ukanijia mstari wa 6 wa Mathayo sura ya 1. Orodha ile ya fulani akamzaa fulani wengi tunairuka ili tufike upesi kwa Mariamu na Yusufu. Mimi nimeiruka miaka mingi. Kumbe ni picha ya ukoo, na Mathayo aliipanga kwa uangalifu, vizazi 14 mara 3. Ili hesabu itimie aliacha hata wafalme: kati ya Yoramu na Uzia hawamo Ahazia, Yoashi na Amazia, ambao utawakuta katika 1 Nyakati sura ya 3. Basi mwandishi huyu alijua kupunguza. Kama angetaka kuisitiri nyumba ya Daudi, nafasi alikuwa nayo. Ingetosha kuandika kwamba Daudi akamzaa Sulemani, maana akina mama wengi katika orodha ile hakuwataja. Yeye ameandika kwamba alimzaa kwa yule mke wa Uria.

Angalieni alivyosema. Jina la Bathsheba halipo. Lililopo ni la Uria Mhiti, mtu asiye na tone la damu katika ukoo ule, asiyemzaa yeyote anayetajwa pale. Daudi alimchukulia mke, kisha akamrudisha vitani akiwa amebeba kwa mkono wake mwenyewe barua ya kifo chake: awekwe mbele penye vita vikali, wenzake warudi nyuma wamwache. Uria akaondolewa kwenye picha. Mjane alipomaliza kuomboleza aliletwa nyumbani kwa mfalme, mtoto akazaliwa, na mtu angedhani yamekwisha. Lakini sura ile ya 11 ya 2 Samweli inamalizia kwa kutuambia kwamba jambo hilo lilimchukiza BWANA. Na ukifika sura ya 23, mashujaa wa Daudi wanapohesabiwa, jina la mwisho kabisa kabla ya kutajwa jumla yao, watu 37, ni Uria Mhiti. Karne nyingi baadaye ukoo wa Masihi unaandikwa, na jina lile bado lipo, limeshika bega la mama yake Sulemani.

Simlinganishi shangazi na Daudi, Mungu apishe mbali. Daudi alikata ili ajifiche. Shangazi alikata kwa sababu ni mtoto aliyeshindwa kuvumilia machozi ya mama yake, na wapo kati yetu waliokata kwa sababu kama hiyo. Ndugu fulani hatajwi mezani. Fulani hatumwombei hata katika sala za familia, kwa sababu tukianza kumtaja hatujui tutaishia wapi. Ninachoshukuru ni kwamba Bwana Yesu hakungoja familia ya Daudi ipunguzwe kwanza ndipo azaliwe ndani yake. Alimkuta humo Manase aliyemwaga damu isiyo na hatia, alimkuta humo Uria aliyemwagiwa yake, na njiani kuelekea msalabani alikubali kuitwa Mwana wa Daudi, na mstari ule wa 6 ukiwa umo.

Nilirudi kwa shangazi jioni. Nilisitasita mlangoni, kwa maana jeraha la mtu mzima si la kuchokonoa, niliomba moyoni, kisha nikamwambia ukweli: babu mdogo anayo nzima, na ninayo kwenye simu. Kama hataki kuiona, sitaifungua.

Alinyoosha mkono. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili mpaka uso wa kaka yake ukajaa kioo chote cha simu.

"Nilisahau kwamba alikuwa anacheka," alisema.

Hakulia. Aliifuata albamu mwenyewe, akachomoa ile iliyokatwa, akaigeuza. Asubuhi nilikuwa nimemweleza kwamba nyuma ya picha tuandike kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa sababu kalamu ya wino huacha alama upande wa pili. Aliniomba penseli ile. Akaandika majina yao kwa kufuata mstari, bibi, babu, wadogo zake, lake mwenyewe, polepole, herufi za mtu aliyefundishwa kuandika vizuri. Kisha akaigeuza tena, akatazama mkono ulipo, akairudisha, na katika nafasi finyu iliyobaki ukingoni, penye nyuma ya vile vidole vinne, akaandika jina la kaka yake.