Nilivyoipeleka stori ya Liemba kwenye meli ya kitalii

Watu kibao hapa Kigoma wananiuliza ile kazi ya kwenda kuongea habari za Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, kwenye meli za wazungu niliipataje, wengine wanadhani nina mjomba huko, basi ngoja niandike mara moja anayetaka asome.

Kwanza tuelewane, ile sio ajira. Hizi meli kubwa za kitalii zina siku za kukata bahari, yaani mchana kutwa hamfungi gati popote, na abiria wako elfu na kitu humo ndani, kuogelea wameshaogelea, kula wameshakula mpaka basi, kwa hiyo kampuni zinaalika watu wa kutoa mada, historia, wanyama, nyota, mambo kama hayo. Wewe unapewa kabini na chakula na mara nyingi unaruhusiwa kuja na mwenzio. Mshahara kwa wengi wetu hamna. Nauli ya kufika bandarini juu yako, viza juu yako, na ukipitia kwa wakala (wengi wako Uingereza na Marekani) unaweza kukuta na ada unamlipa wewe kwa kila siku utakayokaa melini. Mke wangu kusikia hivyo akacheka sana, akasema kwa hiyo unalipa ili ufanye kazi, nenda mwenyewe baba mimi bahari ile sipandi, na huyo ni mtu aliyezaliwa Kibirizi pale pale ufukweni.

Sasa mimi ni muongoza watalii, nawapeleka wageni Gombe na Ujiji. Mgeni mmoja mzee, mstaafu, ndo alinifungua macho. Tulikuwa kwenye boti tunarudi mjini namsimulia habari za Liemba, akaniambia hiyo stori watu wanaisikiliza melini kwa saa nzima, tafuta wakala. Akanipa na anwani ya imeili.

Ila stori yenyewe nilikuwa nimeshaisimulia miaka na miaka. Kabla Liemba haijaegeshwa kwa matengenezo nilikuwa nashuka nayo kusini na wageni. Aliyewahi kuipanda anajua usiku wake ulivyo, sehemu nyingi gati hamna, meli inasimama mbali na ufukwe inapiga honi, mara unaona taa za boti za mbao zinatoka gizani zinakuja kugombania ubavu wa meli, huyu anarusha magunia ya dagaa, yule anapandisha kuku, mama ana mtoto mgongoni anavutwa mkono na mtu asiyemjua kabisa, na makelele juu. Boti zikiondoka usingizi umeshakatika, hapo ndo nasimulia. Nawaambia wageni kwa Kiingereza, alafu wale wamama wa dagaa waliojilaza juu ya magunia wanadai na wao waambiwe kwa Kiswahili, mtu amelipa nauli yake hana sababu ya kukuvumilia, ukimchosha anajifunika kanga anakugeuzia mgongo.

Nao ndo walionifundisha kipi kinashika na kipi hakishiki. Tarehe haishiki. Majina ya magavana ndo kabisa. Ukisema meli imejengwa Ujerumani 1913 pale Papenburg kwenye kiwanda cha Meyer wanapiga miayo, ila ukisema walivyomaliza kuijenga wakaifungua yote wakaipakia kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar, ikapanda treni kuja huku kwetu kwa reli iliyokuwa ndo kwanza imefika 1914, watu wanakaa vizuri. Na ikifika Julai 1916, Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani wanawakimbia adui zao, wanaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, hapo kuna wale mafundi watatu waliotoka nayo Ujerumani kuja kuiunga, kabla haijazama wakazipaka injini grisi nzito kila mahali zisile kutu. Mama mmoja alinidaka hapo hapo, akauliza kwa hiyo walijua watarudi? Mwanangu, hilo swali ndo limenibeba mpaka baharini, kwa sababu Wajerumani hawakurudi, Waingereza ndo waliiibua 1924 wakakuta mashine inarekebishika, na 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Mtu aliipaka grisi meli ambayo aliyekuja kufaidi ni adui yake.

Wakala alitaka klipu fupi inayonionyesha naongea mbele ya watu. Mdogo wangu akanirekodi kwa simu Ujiji kwenye kijiwe cha kahawa, kuna mzee pale nikimwamkia shikamoo anajibu marahaba, leo umekuja na uongo gani, na kwenye klipu anasikika kabisa ananikatiza anadai babake aliiona meli ikiibuliwa. Nilitaka kumkata kwenye video, nikamuacha. Baadaye wakala aliniambia ile sehemu ya kubishana na mzee ndo iliyomfanya aendelee kuangalia.

Basi nikapanda treni hadi Dar, boti hadi Zanzibar, nikaingia melini pale tukaelekea Shelisheli. Safari ile ni bahari tupu kwa hiyo mada zangu zikapangwa njiani. Bosi wa burudani akaniita akanipa masharti, dakika 45 usizidishe hata moja kwa sababu ukumbi una bingo baada yako, usiuze kitu, siasa na dini weka pembeni, alafu akaniambia changamka, paza sauti, tembea tembea jukwaani. Hayo ya mwisho sikuyafuata. Kuna watoa mada wanaruka ruka pale kama mahubiri ya stendi na wazee wa watu wamelala chali. Mi naona shauku sio kelele, mtu anajua tu kama hicho kitu unakipenda, anajua kwa vile umekichimba mpaka chini.

Ukumbi una baridi ya kiyoyozi balaa, mwanga wote uko usoni kwako, huko kwenye viti unaona vichwa vyeupe tu. Slaidi nilienda nazo chache, picha moja ya boti za usiku, ramani, injini, na ziwa limekatwa ubavu kuonyesha kina cha mita 1,470, wao wako juu ya bahari lakini wakashangaa. Nikaanza na swali. Nikasema naomba anyooshe mkono aliyewahi kusafiri na meli iliyojengwa Papenburg. Wakaangaliana. Nikataja kiwanda, Meyer. Ikanyanyuka mikono karibu nusu ya ukumbi, maana kile kiwanda hadi leo kinajenga meli za kitalii kubwa kubwa na hawa wastaafu wanazijua meli kwa majina kama sisi tunavyojua mabasi. Nikawaambia basi meli zenu zina dada yao mkubwa, yuko kwetu, alikuja kwa masanduku. Hapo nikajua nimewapata, hata maiki ilipokata kidogo hakuna aliyeinuka.

Maswali yakahamia kwenye meza ya chakula, hiyo nayo ni sehemu ya kazi japo hawakuambii, unakula na abiria na kila mtu ana lake. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, nimeulizwa kila meza, nikawapa alivyofika Gombe Julai 1960 akiwa na mama yake, kwa sababu serikali ya wakati ule haikutaka msichana akae porini peke yake, na amezunguka dunia akiongea mpaka amefariki 2025 akiwa kwenye ziara ya kuongea, ana miaka 91. Kuna baba mmoja akanionyesha kwenye simu tangi lake la samaki sebuleni kwake Uholanzi, samaki wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono, wa ziwa letu hao hao, na jina la kisayansi analijua kunishinda. Tukakaa mpaka wahudumu wanaondoa vitambaa vya meza.

Faida kimfuko? Ndogo, nauli tu imenitafuna. Ila wageni wawili watatu wa melini wameshakuja Kigoma kwa miguu yao wananitafuta, na kampuni imeniita tena.

Mada ninayoandaa sasa ni ya njia ya misafara na reli ya kati. Watu wa Tabora, mwenye picha ya zamani ya stesheni au mzee wa kunisimulia habari za Kwihara, pale walipokaa Livingstone na Stanley, anitafute, nitakuja na migebuka mikavu.