Tatizo ni ratiba na droo la pipi, si ukosefu wa somo la lishe

Wanaotaka watoto wa shule za Kiyahudi wale vizuri na wafanye mazoezi hudhani dawa ni somo la lishe. Lakini shule hizi hubeba mitaala miwili kwa siku moja: Torati, Mishna (mkusanyo wa kale wa sheria za mapokeo ya mdomo) na Kiebrania upande mmoja, hisabati na sayansi upande wa pili. Mtoto wa miaka 11 hadi 14 anaanza na sala ya asubuhi, na ratiba ikibana, kipindi kinachofutwa kwanza ni cha michezo. Mabango ya lishe ukutani hayatamsaidia mtoto aliyekalishwa kitini siku nzima.

Anzeni na droo la mwalimu wa dini. Humo mna pipi za kumtuza aliyekariri Mishna au kujibu swali. Mkono mtupu haulambwi, sawa, lakini tuzo inaweza kuwa dakika tano za ziada uwanjani, au nafasi ya kuchagua wimbo wa kufungia sala. Mkuu wa shule akipiga marufuku kwa waraka bila kumpa mwalimu mbadala, pipi zitarudi kimyakimya. Mbadala utangulie, tarehe ya kuacha ifuate.

Chakula cha mchana kina mtego wake. Kosher, yaani sheria ya Kiyahudi ya chakula, haichanganyi nyama na maziwa, na baada ya nyama familia nyingi husubiri muda wa saa 6, nyingine saa 3, kabla ya kugusa maziwa. Aliyekula kuku saa sita na nusu mchana hawezi kupewa mtindi saa tisa, basi anaishia kwenye biskuti. Wekeni vitafunio vya parve, visivyo vya nyama wala vya maziwa: yai la kuchemsha, tunda, hummus na karoti. Mboga za majani hukaguliwa jani kwa jani kuondoa wadudu, kazi ambayo jikoni huikwepa, na ndiyo maana sahani nyingi hazina kijani. Tango na pilipili hoho hazina usumbufu huo. Osheni, kateni vijiti, pelekeni mezani.

Kisha kuna sherehe. Msichana hufikia bat mitzva, umri wa kuanza kuwajibika kidini, akiwa na miaka 12, mvulana bar mitzva akiwa na 13, kwa hiyo darasa la watoto 25 lina karamu 25 ndani ya muda mfupi, mbali na keki za Sabato. Glasi ya mililita 200 ya juisi ya zabibu ina takriban gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya aina hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Kwa kipimo kinachofuatwa na wengi, kikombe cha kidushi, baraka ya Sabato inayosomwa juu ya divai au juisi ya zabibu, kinahitaji mililita 86 hivi, na wasikilizaji wanatosheka na funda moja. Vikombe vidogo na jagi la maji mezani vinamaliza nusu ya kazi.

Mazoezi: lengo ni wastani wa dakika 60 kwa siku. Zigawanyeni: 10 baada ya sala, 20 mapumzikoni, 30 alasiri. Shule inayofuata mavazi ya staha ipange michezo inayowezekana kwa sketi pana juu ya taitsi. La sivyo wasichana watabaki benchi na wataitwa wavivu bure.

Wengi hupenda kutumia maneno ya Maimonides, tabibu na rabi aliyefariki Misri mwaka 1204, kwamba mtu asile hadi ashibe kabisa, apunguze kama robo. Ni andiko zuri, ila kwa umri huu lishikwe kwa uangalifu. Darasani huenda yumo anayejinyima chakula tayari, naye atapata humo ruhusa ya kidini ya kuendelea. Msiwapime uzito mbele ya wenzao, wala msisifu wembamba.

Yom Kippur, siku ya toba na mfungo, ni jaribio kubwa zaidi. Mfungo ni wa saa 25 hivi, na wajibu wake huanza umri uleule wa bat na bar mitzva. Mtoto mwenye dalili za kujinyima chakula aonane na daktari na rabi wiki kadhaa kabla, wazazi wakiwepo. Sheria ya Kiyahudi yenyewe inatanguliza uhai kuliko mfungo, na rabi anayejua mambo haya atamwambia mtoto waziwazi kwamba kwake kula siku hiyo ndiyo amri.