Jicho la Kulia na Habari za Mjomba

Hospitali ile haikuwa inachoma sindano za jicho kila siku. Kichupa kimoja cha Avastin kinatosha watu wengi, na kikishafunguliwa ni lazima kigawanywe na kitumike mapema, kwa hiyo sista alikuwa anatukusanya. Anaandika majina kwenye daftari, tukitimia anatupigia simu: njoo kesho saa moja, umelipia, na usije peke yako. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, na mwaka uliofuata tu madaktari wa macho wakaanza kuichoma jichoni. Mgonjwa wa saratani anatundikiwa dripu. Sisi tulikuwa tunagawana matone: mililita 0.05 kila mtu.

Hiyo ilikuwa 2019, Dar es Salaam. Kwenye benchi lile kijana nilikuwa peke yangu. Wengine wote walikuwa wazee wa sukari, na bibi mmoja aliyevaa khanga mbili za rangi tofauti alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

“Mjukuu wangu, na wewe sukari imekuanza mapema hivi?”

“Shikamoo bibi. Hapana, mimi nina uvimbe.”

“Marahaba. Uvimbe wa wapi?”

“Ndani ya jicho.”

Akajishika mdomo. Kisha akasogea karibu yangu zaidi, jambo ambalo sikulitegemea, akanipa nusu ya karanga zake.

Mambo yalianzia kazini. Mimi ni seremala, karakana yetu iko Keko, na seremala anapima unyoofu wa ubao kwa kuuinua usawa wa uso, kufumba jicho moja na kuchungulia ukingo wake. Mimi nachungulia kwa jicho la kulia. Ikafika mahali kila ubao wa mninga unaoingia karakanani naona umepinda katikati. Nikibadilisha jicho, umenyooka. Nilipomwambia bosi, alicheka: “Umepinda kichwani kwako.” Hakuwa mbali sana na ukweli. Duka la miwani walinipa miwani, haikusaidia kitu. Baadaye nikapelekwa kwa daktari bingwa wa retina, ile tabaka ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Akanitia matone ya kupanua mboni, akanimulika kwa muda mrefu, akanyamaza, akaenda kumwita mwenzake naye aje aone.

Wakanifanyia kipimo cha rangi. Unachomwa dawa ya manjano mkononi, inakwenda na damu mpaka machoni, huku mashine inapiga picha mfululizo. (Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu mkojo wa jioni ile. Ulikuwa wa rangi ya kutisha, na kwa yeyote anayekwenda kufanyiwa kipimo hicho: usihofu, ni rangi tu inatoka.) Kwenye picha, donge lilionekana linawaka, limejaa damu, limekaa ukingoni mwa mlango wa neva, pale ambapo neva ya jicho inatoka kwenda kwenye ubongo. Lilikuwa linavuja maji. Maji yalikuwa yametambaa chini ya retina mpaka sehemu ya katikati tunayosomea, yakaiinua. Ndiyo maana mbao zilipinda.

Daktari alikuwa mama wa makamo, anaongea taratibu, na alinichorea jicho nyuma ya kadi yangu ya kliniki.

“Mdogo wangu, hili donge lingekuwa pembeni huku, ningelichoma kwa leza, au kwa baridi kali kama lingekuwa kubwa. Lakini limekaa kwenye neva. Nikipiga leza hapa, naunguza neva yenyewe. Kwa hiyo tutajaribu sindano. Na nakwambia mapema, usije ukanidai: sindano haiui uvimbe. Inakausha maji.”

Nilimchukia kwa dakika kama tano hivi. Mtu anakuja kuchomwa sindano ya jicho, jicho lake mwenyewe, halafu anaambiwa haiui! Leo nadhani bila maneno yale ningeacha matibabu mapema sana, kwa sababu ningekuwa nangoja donge lipotee, nalo halikupotea.

Akaniuliza maswali ambayo sikuyaelewa yanahusiana vipi na jicho. Kwenu kuna mtu aliyepofuka akiwa kijana? Aliyepasuliwa kichwa? Aliyekufa kwa figo? Nikajibu hakuna. Akaandika kwenye kikaratasi: von Hippel-Lindau. Ni ugonjwa wa kurithi, akasema, nao huwapata watu wachache mno, takribani mmoja katika 36,000. Von Hippel alikuwa daktari wa macho Mjerumani aliyeeleza madonge haya mwaka 1904. Lindau, Msweden, mwaka 1926 akaonyesha kwamba madonge ya jicho na yale ya ubongo wa nyuma ni ugonjwa mmoja. Mwenye ugonjwa huu, kila mtoto anayezaa yuko nusu kwa nusu.

“Mpigie mama,” akasema. “Muulize vizuri.”

Nilimpigia nikiwa palepale kwenye benchi, matone ya ganzi tayari yamo jichoni. Mama yuko Korogwe. Nikamsomea maswali moja moja. Kwenye la kichwa alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika.

“Mjomba wako,” akasema.

Mjomba namkumbuka kwa mbali. Alikuwa anatembea ameshika ukuta. Asubuhi anatapika, anashika kichwa, akisimama anayumba. Kijiji kizima walisema ni gongo. Watoto tulikuwa tunaigiza mwendo wake, na wakubwa walicheka. Jicho lake moja lilikuwa halioni tangu ujanani, wakasema alichomwa na mwiba shambani. Alifariki kabla sijamaliza shule ya msingi.

“Mjomba wako alikuwa hanywi,” mama akasema. “Hata dengelua hakunywa. Nilisema, hakuna aliyenisikia.”

Sista akaita jina langu.

Sindano yenyewe, kwa wanaoiogopa, ni fupi kuliko maandalizi yake. Unalala chali. Jicho linaoshwa kwa ayodini ya kahawia, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi, maana ganzi ikiisha jioni ndiyo inayokuwasha. Uso unafunikwa kitambaa chenye tundu. Wanaweka kifaa cha waya kinachozuia kope zisifunge. Daktari anapima kama milimita nne kutoka pale weusi wa jicho unapokutana na weupe, anaweka alama. “Angalia juu kushoto. Usitikisike.” Nikasikia mgandamizo, basi. Kisha nikaona dawa ikiingia: michirizi inayopinda kwenye mwanga, na viduara vyeusi kadhaa vikitulia chini ya macho yangu. Ni mapovu madogo ya hewa, akaniambia, na kwa kweli yamepanda juu ya jicho. Picha ya ndani ya jicho iko kichwa chini, ndiyo maana wewe unayaona chini.

“Vidole vingapi?”

“Viwili.”

“Vizuri. Ukisikia maumivu makali, jicho likawa jekundu, au uoni ukashuka, usingoje tarehe ya kadi. Njoo hata usiku.” Alikuwa anaogopa vijidudu vya maambukizi kuingia ndani ya jicho. Vumbi la mbao akalipiga marufuku kwa wiki nzima, na bosi, baada ya kunung'unika, akanipa kazi ya kupokea oda.

Kwa nini dawa ya saratani ya utumbo isaidie jicho nilielewa vizuri Oktoba mwaka uleule, Tuzo ya Nobeli ya tiba ilipotolewa kwa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, waliogundua jinsi seli inavyohisi oksijeni. Kaelin aliingilia mlango wa ugonjwa wetu huu. Seli ikikosa oksijeni hutoa protini ya kuita mishipa mipya ya damu, VEGF. Jeni inayotakiwa kuzima wito huo oksijeni ikiwepo, iliyotambuliwa mwaka 1993 kwenye kromosomu ya 3, kwetu imeharibika. Basi seli zinaita mishipa mchana na usiku, na mishipa inayokuja ni mibovu, inavuja. Dawa inaikamata VEGF. Kinachoizalisha kinabaki pale pale, na dawa ikiisha nguvu maji yanaweza kurudi.

Kwangu maji yalipungua. Picha ya baadaye ilionyesha retina imeshuka karibu na mahali pake, na ubao nikauona umenyooka, ukiacha kitetemeko kidogo katikati ambacho hakijaondoka hadi leo. Donge liko vilevile. Sindano nimerudia na nitarudia.

Kazi kubwa zaidi ikawa ya kuwaleta ndugu. Mdogo wangu wa kike alikutwa na donge dogo pembeni kabisa mwa retina, wakalichoma kwa leza, akarudi nyumbani analalamikia mwanga tu. Kaka hana kitu kwa sasa, anaangaliwa kila mwaka. Mama ndiye aliyegoma, mpaka nikamfuata Korogwe mwenyewe. Macho yake ni mazima, lakini altrasaundi ilionyesha uvimbe kwenye figo ya kushoto, bado mdogo. Wanausubiri. Ukifika sentimita 3 watautoa.

Siku ya kumfungulia faili, nesi alimuuliza kama kuna historia ya ugonjwa kwenye familia. Mama akamtajia jina la kaka yake, umri aliofariki, kichwa, jicho. Nesi akaandika, akataka kufunga ukurasa.

“Bado,” mama akamwambia. “Andika na kwamba alikuwa hanywi pombe.”